Pindo Apata Nyumba Nyingine

Kwenye nyumba ile ya vyumba vingi, habari zote zilianzia bombani. Ndoo zikipangwa foleni, na midomo nayo inaanza kazi. Nani kanunua godoro jipya. Nani kanuniana na wifi yake. Siku hizo gumzo lilikuwa moja tu: cherehani ya mpangaji mpya.

"Yule fundi hachoki jamani," alisema jirani mmoja. "Naenda kuoga, cherehani inalia. Natoka kuoga, bado inalia!"

"Labda anashonea jeshi zima," mwenzake akajibu.

Wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Fundi mwenyewe alikuwa chumbani kwake, jasho likimtoka. Aliwasikia vizuri, lakini kicheko hakikumjia. Cherehani ilizunguka kweli, ila chini ya sindano hapakuwa na nguo. Hata uzi alikuwa ameutoa. Alikanyaga tu, apate kelele. Nyuma ya pazia mbwa alikuwa anabweka, na fundi hakutaka mtu asikie.

Mbwa huyo aliitwa Pindo. Alikuwa mdogo, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Tangu utoto wake alipenda kulala juu ya pindo la gauni la fundi. Fundi akitaka kusimama, ilibidi kwanza aombe ruhusa.

Zamani waliishi kwenye nyumba yenye ua mpana. Nyumba ile ikauzwa, wakaambiwa watafute kwingine. Walizunguka mpaka viatu vikaisha soli. Mwisho wakapata chumba kizuri, chenye nafasi ya kuweka cherehani. Mama mwenye nyumba aliwaambia mlangoni, bila kuficha: "Maji yapo, umeme upo. Mnyama sitaki, hata kuku."

Mume wa fundi, ambaye kazi yake ni kupaka rangi majumba, alitikisa kichwa kukubali.

Walipofika barabarani mkewe akamuuliza, "Na Pindo je?"

"Tuingie kwanza, mke wangu. Mengine tutayaona huko mbele."

Basi Pindo akaingia nyumba ile ndani ya kapu la vitambaa, amefunikwa gubigubi kama mkate wa moto. Tangu siku hiyo akaishi nyuma ya pazia. Alitolewa nje alfajiri tu, mara moja, kisha ndani tena. Mbwa aliyezoea kukimbia uani akawa anatafuna miguu ya kiti. Alikwaruza mlango na kubweka hovyo. Binti yao naye alifundishwa uongo. Akiulizwa, aseme ni redio. Rafiki zake wa shule walipotaka kuja kucheza, aliwaambia mama anaumwa. Akawa mtoto wa kukaa peke yake na mbwa wake wa siri.

Kila Pindo alipobweka, fundi aliikanyaga cherehani. Akibweka, inalia. Akibweka, inalia. Lakini mbwa hujifunza, na Pindo alijifunza kwa namna yake. Aliona kwamba yeye na cherehani wanaimba pamoja. Fundi hakulijua hilo, mpaka siku alipokuja mama mwenye nyumba kujaribu gauni lake.

"Hapa kiunoni pananibana, fundi," alisema, akijigeuza mbele ya kioo. "Fumua kidogo, upitishe mshono mwingine. Nakusubiri hapahapa."

Pindo alikuwa amelala fofofo nyuma ya pazia. Fundi akafumua. Akatia uzi. Akakanyaga taratibu, kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mtoto mchanga.

Krrr.

"Wou!"

Fundi akasimamisha mguu.

"Nini hicho?" aliuliza mama mwenye nyumba.

"Ni... ni mashine, mama. Imekauka, inataka mafuta."

"Hebu kanyaga tena."

Krrr.

"Wou! Wou!"

Mama mwenye nyumba akavuta pazia. Pindo akamtazama, sikio moja juu, akitikisa mkia kwa furaha.

"Mafuta yako yana mkia, fundi," alisema mama mwenye nyumba.

Lakini hakucheka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Mpangaji mmoja alikuwa na mbwa hapa," alisema. "Mbwa yule alimng'ata mjukuu wangu. Mpaka leo mtoto yule akisikia mbwa kwa mbali, anajificha chini ya meza. Sikuweka sheria ili niwatese watu. Mwisho wa mwezi mbwa awe ameondoka. Ikishindikana, basi mtaondoka wote."

Akatoka, akaliacha gauni lake chini ya sindano, halijakwisha.

Jioni mume aliporudi, rangi bado kwenye kucha, alisikiliza yote akiwa ameinama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kesho nampakia kwenye gari la kazini. Nitamwacha sokoni, kule kwa wauza nyama. Hatakosa mfupa."

"Na mtoto?"

"Tutamwambia Pindo ametoroka."

Mtoto alikuwa nyuma ya pazia, amemkumbatia mbwa. Alisikia kila neno. Akaangua kilio ambacho hata bombani kilisikika.

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa jirani wa chumba cha pembeni, anayefanya kazi kwenye zahanati ya mifugo. Watoto wote walimwita Shangazi Sindano, kwa sababu kutwa nzima anachanja mbwa, paka na mbuzi.

"Nimesikia kilio," alisema. "Na ya mbwa nilikuwa nayajua siku nyingi."

"Nani kakwambia?" aliuliza fundi.

"Kazi yangu ni mbwa, dada. Nisijue harufu yao? Nilinyamaza, nikisema mtakuja kusema wenyewe. Hapo nilikosea, ningegonga mlango mapema. Haya, mnataka kumpeleka wapi?"

Mume akamweleza habari za sokoni. Shangazi Sindano akavuta kigoda, akaketi.

"Shemeji, usifanye hivyo. Mbwa wa nyumbani hajui maisha ya sokoni. Atapigana na mbwa wa pale, na huenda wakamwambukiza ugonjwa. Atakufa chini ya gari, au atalishwa sumu. Na akipata kichaa cha mbwa, atakayeng'atwa ni mtoto wa mtu. Kutupa mnyama hakumalizi tatizo. Unalihamishia kwa wengine."

"Sasa tufanye nini, shangazi?" mtoto aliuliza, akifuta pua kwa mkono wa gauni. "Akae kwako?"

"Kwangu ndiyo nyumba hiihii, mwanangu. Sheria ni ileile." Akamvuta karibu. "Pindo hawezi kubaki hapa. Hiyo ndiyo kweli, na inauma. Lakini tunaweza kumchagulia mahali pazuri, na wewe utasaidia kuchagua. Unataka awe na nini?"

Mtoto akafikiri. "Ua. Na mtu wa kukaa naye mchana."

"Umesema vizuri. Kingine, hatumpi mtu kabla hatujaona anapoishi."

Kesho yake fundi alikwenda kwa mama mwenye nyumba. Hakupeleka maneno ya kupamba. "Mama, tulikosa. Ulituambia mlangoni, tukakubali kwa kichwa tu. Tunamtafutia mbwa nyumba. Mpaka apatikane, tutamtoa nje akiwa na kamba, saa ambayo mjukuu wako hayupo uani."

Mama mwenye nyumba alijibu, "Ungeniuliza siku ile, tungezungumza. Haya, fanyeni hivyo. Na gauni langu ulimalize."

Mahali pa kwanza walipokwenda kuona palikuwa karakana ya mbao. Mwenyewe alimtaka mbwa upesi upesi. "Mleteni hata leo!" Lakini Shangazi Sindano aliangalia chini. Palikuwa na mnyororo mfupi uliofungwa kwenye nguzo, na bakuli kavu lenye vumbi la mbao.

"Mbwa aliyekuwa hapa yuko wapi?" aliuliza.

"Alikufa. Hawa hawadumu."

Wakaaga. Njiani mume akajisemea, "Na mimi nilitaka kumwacha sokoni."

Siku kadhaa zikapita. Fundi akamkumbuka mwanamke aliyemfundisha kushona, ambaye watu walimwita Bibi Kofia, kwa kuwa siku hizi alishona kofia tu. Aliishi peke yake ukingoni mwa mji, kwenye nyumba yake mwenyewe. Ua ulikuwa na uzio mzuri. Wanawe walikwisha kuoa na kuhama.

"Nyumba hii ina kimya mpaka naongea na kofia," Bibi Kofia aliwaambia, akicheka. "Mbwa? Mleteni. Ila mniambie tabia zake zote. Msinifiche kasoro."

"Anabweka cherehani ikilia," fundi alikiri.

"Basi tutasikilizana. Mimi nina masikio mazito."

Shangazi Sindano aliwaambia cha kufungasha: kadi ya chanjo, bakuli analolijua, na nguo yenye harufu ya nyumbani. "Na mwelezeni bibi anakula nini na saa ngapi. Mbwa asibadilishiwe kila kitu siku moja."

Mtoto alitafuta nguo mwenyewe. Akaleta gauni la zamani la mama yake. Fundi akachukua mkasi, akalikata pindo lote la chini, akalikunja.

Siku ya kumpeleka, Pindo alinusa kila kona ya ua. Walipotaka kuondoka akawafuata getini, akalia kwa sauti nyembamba. Mtoto akamng'ang'ania shingoni.

"Lia tu, mwanangu," alisema Shangazi Sindano. "Anayecheka mtu kulia kwa ajili ya mbwa, hajawahi kupokewa mlangoni na mbwa. Lakini msirudi kesho. Mpeni nafasi apazoee, kisha mje kumwona."

Nyumbani, fundi hakugusa cherehani. Nguo za wateja zikalundikana juu ya meza. Bombani wakaanza kuulizana kama fundi anaumwa. Hatimaye alikaa, akatia uzi, akakanyaga. Krrr. Mguu ukasimama wenyewe, ukingoja sauti kutoka nyuma ya pazia. Haikuja.

"Wou," alisema mtoto taratibu, kutoka chini ya meza.

Fundi akamtazama. Wakaanza kucheka, kisha wakalia, kisha wakacheka tena, mpaka mume akaja mbio na brashi mkononi kuuliza kuna nini.

Siku hiyo fundi alimaliza gauni la mama mwenye nyumba. Mtoto ndiye aliyelipeleka. Huko alimkuta mjukuu, wakakaa kibarazani wakipiga soga. Jioni mjukuu alikuja chumbani kwao kwa mara ya kwanza. Alichungulia nyuma ya pazia, akaona hamna kitu, akakaa kucheza.

Mwezi uliofuata wakaenda kumwona Pindo. Alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa. Aliwarukia wote, akamwangusha mtoto kwenye nyasi, akamlamba uso mzima. Walicheza mpaka jua likapungua.

Wakati wa kuaga ulipofika, Pindo alitoka nao hadi getini. Mtoto akasimama, roho juu. Ikiwa atalia kama siku ile, itakuwaje?

Ndani ya nyumba Bibi Kofia alikuwa amerudi kwenye kofia zake. Akakanyaga.

Krrr.

Pindo akageuza kichwa. Sikio moja likasimama. Akamtazama mtoto, akatikisa mkia mara moja, halafu huyoo, mbio kuelekea mlangoni.

"Wou! Wou!"

Mtoto akafunga geti vizuri, akajaribu komeo kama alivyoelekezwa. Akamshika mama yake mkono.

"Twende, mama," alisema. "Ameingia kazini."