Maneno Yote ya Bosi

Asubuhi hiyo nyumbani hapakukalika. Dada alikuwa amepiga pasi blauzi moja mara mbili. Mdogo wake wa miaka kumi na miwili, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hanyamazi, alikuwa akirukaruka mlangoni. Bekari ilikuwa inatafuta waokaji!

Dada alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alisomea uokaji chuoni akafaulu vizuri sana. Kila walipokutana na watu wasiojua lugha ya alama, Redio ndiye aliyemtafsiria.

Bosi wa bekari, mwanamume mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, alisoma cheti cha dada akatabasamu.

"Cheti safi kabisa! Ataanza lini?"

"Hata leo, bosi! Hasikii, lakini mimi nita..."

"Hasikii?" Tabasamu likayeyuka. "Hapana, hapana. Viziwi hatuchukui. Kengele ya tanuri ikilia atajuaje? Ataniunguzia mikate yote. Nendeni salama."

Redio akamgeukia dada. Amwambie dada maneno kama hayo? Haiwezekani! Akainua mikono, akasema kwa alama, "Nafasi zimejaa."

Hata hawajafika getini, mwanamke aliyeingia nyuma yao akakabidhiwa aproni na kofia. Dada akasimama ghafla.

"Zimejaa? Na yule je?" Mikono yake ilikwenda mbio. "Mimi siyo kipofu! Amesema nini hasa?"

Redio akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Dada alikasirika, tena sana. Kisha akamshika mdogo wake mkono.

"Twende."

"Nyumbani?"

"Nyumbani kufanya nini? Ofisi ya kazi!"

Afisa wa kazi alikuwa mama wa makamo, miwani imemteremka puani. Redio alimwamkia, kisha akamwaga kila kitu bila kuvuta pumzi.

"Alisema hivyo kweli? Kwamba hachukui viziwi?"

"Neno kwa neno, mama!"

Afisa akanyakua mkoba wake. "Sheria inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya ulemavu, jinsia, dini au kabila lake. Na kama marekebisho madogo yatamwezesha kufanya kazi, mwajiri ayafanye. Haya wanangu, twendeni tukaione hiyo kengele!"

Redio nusura apige vigelegele humo humo ofisini.

Kule bekari bosi alishikwa na kigugumizi. "Mama, mimi sina ubaya na mtu. Naogopa tu mikate..."

"Pale kwenye kengele haiwezi kufungwa taa, iwake kengele inapolia?" afisa akauliza.

Fundi umeme, aliyekuwa juu ya ngazi akitengeneza feni, akaangua kicheko. "Bosi, hiyo nayo ni kazi? Waya ni uleule!"

"Basi ifungwe, halafu ajaribiwe kama wengine wanavyojaribiwa," afisa akasema.

Taa ikafungwa. Dada akakanda unga, akakata madonge, akaingiza trei tanurini. Redio alisubiri akiuma kucha. Taa nyekundu ikawaka! Dada akafungua tanuri upesi, mikate ikatoka imeumuka, ya kahawia, hakuna hata mmoja ulioungua. Bosi akaumega mmoja, akatafuna, akainamisha macho.

"Mwambie dada yako nimekosa, anisamehe. Na avae aproni, kazi ni yake."

Redio alitafsiri haraka hadi vidole vikagongana.

Nje, afisa wa kazi alimwekea mkono begani. "Ulitaka kumlinda dada yako, nakuelewa. Lakini ulipomficha yale maneno, kidogo tu umkoseshe haki yake. Aliyebaguliwa akidanganywa kuwa nafasi zimejaa, atarudi zake nyumbani kulala. Akijua ukweli, atakuja kwangu. Sheria inamlinda mtu anayejua kwamba ameonewa."

"Nimeelewa, mama. Sitaficha tena hata neno moja."

Dirishani dada alikuwa akipunga mikono. Alimwona bosi akimwambia fundi umeme kitu huku akimtazama yeye. "Anasema nini?" akauliza kwa alama.

Redio akategea sikio, akavuta pumzi, kisha akainua mikono.

"Anasema una mikono myepesi kuliko wote humo ndani. Na kofia umeivaa nyuma mbele!"

Dada akacheka mpaka akashika meza, akaigeuza kofia, akarudi kwenye unga wake.