Katikati ya Daraja la Rusumo

Foleni ya malori ilianzia forodhani ikafika kwenye vibanda vya chai, na Auleria alipita katikati yake na ndoo ya maparachichi kichwani, akigombana na kila dereva aliyeyaminya.

"Dada, hili limeiva?" sauti ikauliza nyuma yake.

"Hilo la kesho. La kula leo ni hili. Na ukiliminya, umelinunua."

Kijana akacheka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na mikono yake ilinukia vitunguu. Aliitwa Niyomugabo, mpishi wa hoteli moja kule Kirehe, ng'ambo ya mto, na alikuwa amevuka kutafuta maparachichi ya huku Mbuba. Akanunua ndoo nzima. Baadaye akawa anakuja hata siku ambazo jikoni kwake yamejaa.

"Niyo, leo umefuata nini?"

"Nimekuja kugombezwa."

"Mjinga wewe!" Auleria alisema, lakini siku hizo alikuwa akijipaka mafuta mara mbili kabla ya kuondoka nyumbani.

Mapenzi yakakolea. Tatizo lilikuwa moja tu.

"Vuka na wewe, mpenzi," Niyo alimwambia. "Uje uuze kule. Hoteli ni nyingi, na mdomo wa kuuza unao."

"Mimi ni wa huku huku. Kinyarwanda sikijui, watanicheka."

"Unaniongelesha Kihangaza chenu, nakujibu Kinyarwanda. Tumewahi kutafuta mkalimani?"

Auleria alicheka, akageuza mazungumzo. Ndivyo alivyokuwa tangu afeli kidato cha nne. Kila kizuri alikiita si cha watu kama yeye. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, akaamini.

Ikafika Jumapili ambayo mama yake Niyo alimwalika chakula. Auleria alivaa kitenge cha njano na viatu vya kuazima, akaingia darajani. Chini maporomoko yalinguruma, manyunyu yakamlowesha uso. Alipofika katikati akamwona mama yule akilini mwake, akimpima toka kichwani hadi kwenye viatu, akimuuliza amesoma wapi. Miguu ikageuka yenyewe.

Simu ikaita.

"Umefika wapi, mpenzi? Mama ameshapakua."

"Niyo, siji. Baba amekataa. Hataki mkwe wa ng'ambo."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

Uongo mtupu. Mzee Alfonce, baba yake, hakuwa hata amelisikia jina la Niyo.

Niyo akaacha kuvuka. Auleria alipompigia, alijibu kwa upole, "Siwezi kumwibia mzee binti yake. Nipe muda nifikiri." Hapo ndipo angesema ukweli. Hakusema. Msimu wa maparachichi ukaisha, akaanza kuuza maharage.

Siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta kreti ya soda uani, haijafunguliwa, na baba yake ameketi kando yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu niambie, ni nani niliyemkataa mimi?"

Auleria akatua ndoo yake chini.

"Kijana amekuja na baba yake mdogo. Amenipigia magoti hapa, ananisihi nimwonee huruma. Nikamwambia, mwanangu, mbona sikujui? Ungeuona uso wake!"

"Baba, niliogopa."

"Ungeogopa kwa jina lako. Umetumia langu."

Kesho yake asubuhi Auleria alivuka, na ndala zake za shambani. Afisa alimuuliza kwa Kinyarwanda anakwenda wapi, akajibu kwa Kihangaza, na yule akamruhusu bila hata kuinua macho. Kumbe ni hivyo tu. Wepesi ule ndio uliomuumiza. Alilia ndani ya basi hadi Kirehe.

Niyo alitoka mlango wa nyuma wa jikoni, aproni kiunoni.

"Umevuka," alisema.

"Nimevuka. Nisamehe."

"Hukunitaka?"

"Nilikutaka, Niyo! Nilijiona sifai kukaa mbele ya mama yako."

"Mama siku ile aliazima gauni kwa jirani. Alikuwa anakuogopa wewe."

Auleria akafunika uso kwa mikono.

"Ungesema unaogopa, ningekuja kukushika mkono," Niyo aliendelea. "Lakini nimemchukia mzee asiye na kosa miezi yote hii. Kesho likitokea jingine, utaniambia nani amekataa?"

"Mpenzi wangu..."

"Nimekupenda sana, Auleria. Nenda salama."

Akaingia ndani na kurudishia mlango taratibu. Auleria alikaa ukingoni mwa barabara akalia mpaka mama mmoja mpita njia akamuuliza kwa Kinyarwanda kama ni mgonjwa. "Nimeachwa," akamjibu. Yule mama akamshika bega, akasimama naye kidogo, akaendelea na safari yake.

Simu ikaita. Alikuwa baba yake.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Hanitaki tena."

Mzee akashusha pumzi. "Basi rudi nyumbani, mwanangu."

Auleria alipangusa uso kwa upindo wa khanga, akatazama hoteli nyingine iliyokuwa upande wa pili wa barabara.

"Nitarudi jioni, baba. Ngoja kwanza niwaulize hawa kama wananunua maharage."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa," alisema akiinuka, "watakuwa wamekataa wao."