Pampu Chini ya Mama Mkwe

Gari lilizima lenyewe katikati ya uwanda wa chumvi, likajikokota hatua chache, likasimama kama punda aliyesusa. Kinyozi akazungusha ufunguo. Stata ikaitika, injini ikazunguka kwa bidii zote, lakini kuwaka haikuwaka.

"Limechoka?" mama mkwe akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Linapumzika kidogo tu, mama."

Njia ya mkato ilikuwa wazo la Kinyozi. Alitaka mama wa mkewe aone kwamba mkwe wake ana akili nje ya mkasi na kitana pia. Haya, akili ikawaleta hapa: weupe pande zote nne, jua la utosi, na maji nusu chupa.

Asubuhi ya pili yalibaki mafunda manne. Kinyozi alikuwa amekwenda kwa miguu kutafuta njia, akarudi na malengelenge. Mama mkwe alikuwa ameacha kutoka jasho. Midomo yake ilipasuka, mikono ikakauka kama karatasi, na bado alikuwa akiongea bila kituo: mara harusi ya binti yake, mara jirani aliyeazima sufuria akahama nayo. Akinyamaza, hofu ilimwingia.

Kinyozi alijua jambo moja. Gari lisipowaka kabla ya adhuhuri, atampelekea mkewe maiti ya mama yake.

Akafungua boneti mara ya tisa. Akachomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akamwomba mama mkwe anyooshe mkono kutoka kiti cha nyuma, azungushe ufunguo. Cheche ikaruka, ya buluu. Basi moto upo. Akainusa ile plagi: kavu, haina hata harufu ya petroli. Na tangi lilijaa.

"Mafuta hayafiki," akanong'ona.

Pampu. Ufunguo ukizungushwa nusu, pampu ya mafuta huvuma kidogo kabla stata haijaguswa. Ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, na kiti kilikuwa na mwenyewe.

"...sufuria yenyewe ya mfuniko mzito," mama mkwe alikuwa akisema.

Kinyozi akameza mate ambayo hakuwa nayo. Jana nzima angeweza kuisikiliza pampu hiyo. Lakini nani humwambia mama mkwe anyamaze na ainuke?

"Mama. Nyamaza. Inuka hapo, weka sikio kwenye kiti."

Mama mkwe akamtazama kama aliyemwagiwa maji ya baridi, kisha akatii. Kinyozi akazungusha ufunguo nusu.

"Unasikia mvumo?"

"Nasikia moyo wangu tu."

Akapiga magoti penye kisanduku cha fyuzi, na aibu ikampanda hadi masikioni. Fyuzi ya pampu ilikuwa imeungua, nyeusi tii. Kando yake ulining'inia waya mwekundu aliouunga mwenyewe wiki iliyopita, ili achaji mashine zake za kunyolea akiwa safarini.

"Ni mimi, mama. Nimeliua mwenyewe."

"Toba ingoje tukifika. Dawa yake nini?"

Akaung'oa waya, akachomoa fyuzi ya honi, akaipachika mahali pa ile iliyoungua. Mama mkwe akarudisha sikio kitini.

"Kinavuma," akasema.

Betri ilikuwa hoi. Stata ikazunguka mara moja, ikakohoa, ikazunguka tena kivivu, kisha injini ikashika na gari zima likatetemeka.

Kinyozi akampa mama mkwe mafunda yote manne. Akakamata usukani na kuliacha jua mgongoni, muda wa saa moja, kisha mbili, akisikiliza kila mkwaruzo, hadi weupe ukaanza kuota majani na paa la zahanati likachomoza.

Muuguzi akaja mbio na jagi. Mama mkwe akanywa polepole, akashikwa mkono kushuka. Kinyozi alibaki kwenye usukani. Injini ilinguruma, na vidole vyake vilikataa kabisa kuugeuza ufunguo.

Mama mkwe akazunguka hadi dirishani, akapitisha mkono mbele ya kifua cha Kinyozi, akaizima injini mwenyewe.

"Shuka unywe, mwanangu," akasema. "Tumefika."