Nilimutuma Riziki Ajibu Jina la Yaya Wangu

Niko na miaka makumi mbili na nane. Niko motari hapa Kindu, upande wa Alunguli. Masomo yangu iliishia primere ya sita. Watu wananipenda juu nachekesha: muntu akipanda pikipiki yangu na uso wa kukunja, anashuka meno iko inje. Leo sina cha kuchekesha. Nitaandika tu vile mambo ilipita...

Yaya wangu, maana dada yangu mukubwa, anaitwa Mwamini. Wakati wa vita wazazi wetu walikufa mu pori, baba kwa risasi, mama kwa kuhara. Yaya alikuwa na miaka kumi na mbili, miye ine. Alinibeba mu mugongo paka tukarudia Kindu. Miye sikumbuki kitu. Yeye anakumbuka yote, lakini hasemi. Kitu kimoja tu alikuwa anasema: "Ulikuwa muzito weye, na hata sijui ulikuwa unakula nini."

Njo yeye alinilea. Nilipoanza kutumika na pikipiki, akarudia masomo. Mwanamuke wa miaka karibu makumi tatu, anaketi na watoto wenye wanamuita mama. Alimaliza, akapata diplome ya enfirmiye, ya kuuguza wagonjwa. Siku ile nilizunguka naye Alunguli yote, napiga honi. Majirani walizani ni ndoa.

Kisha? Kisha hakuna. Kila mwaka mashule inatoa maenfirmiye wengi, na vituo vya afya ni vilevile. Yaya alipeleka barua kila pahali. Ku kituo kimoja, tituleri, maana ule mukubwa wa kituo, akamwambia: "Mama, kazi iko. Mushahara njo haiko."

Yaya akakubali. Ni vile kwetu: unatumika bure, jina lako linaandikwa ku listi, unangojea siku watu wa serikali watakuja kufanya kontrole. Wanaita majina. Ukijibu "presa", maana niko hapa, wanakupiga foto, wanakupa namba, unaingia mu mushahara. Ukikosa, jina linaanguka.

Alingojea miaka tatu. Alizalisha wanawake, alichoma watoto sindano, alifagia. Miye namucheka: "Yaya, hata mbuzi ya kituo inalipwa majani." Anacheka pia.

Mwaka ule wa tatu akasikia kwamba kule Kampene wachimbaji wanatafuta muntu wa kuwashona vidonda mwezi mumoja, na wanalipa. Tituleri akamupa ruhusa. Yaya akaniachia mufuko wenye diplome na karatasi zake zote. "Mudogo, kukiwa neno, unifuate."

Yaya alipomaliza siku tisa kule, tituleri akanisimamisha mu barabara. Kontrole ni kesho kutwa. Nikapiga simu ya yaya, haipite. Kule hakuna rezo.

Kampene kwenda na kurudi, na mvua ile, ni siku mbili, kama pikipiki haikuzama mu matope. Muda ulikuwa unatosha, lakini kidogo tu.

Nikamweleza Riziki. Riziki alikuwa mupenzi wangu, tulikuwa tunapanga kuoana. Naye alisoma uenfirmiye, akakosa cha kulipa shule, akaacha mbele ya kumaliza. Akaniambia: "Sheri wangu, utakwenda kufia mu matope juu ya neno moja? Miye nitajibu. Presa, kwisha."

Nikasema yeye na yaya hawafanane. Akacheka: "Wanatoka Kinshasa wale. Wanamujua nani?"

Na miye, na akili yangu ya haraka yenye kila muntu anasifu, nikaona ni mupango muzuri. Tunashika nafasi, yaya akirudi anaingia. Ni nani angeona ubaya pale?

Siku ile nilimupeleka miye mwenyewe, na mufuko wa yaya ku mapaja yake. Kontrole ilifanyiwa mu kiwanja kikubwa cha muji, vituo vyote pamoja, watu wamejaa, hata tituleri hangeona ni nani anajibu. Wakaita Mwamini. Riziki akanyoosha mukono: "Presa." Miye nilikuwa ku ukuta na wamotari wenzangu, nacheka kimya.

Wakamuketisha ku kiti, wakamupiga foto. Wakachukua alama ya vidole vyake, kimoja kimoja, paka kumi. Ya vidole sikuwa nimefikiria...

Yaya aliporudi nilimweleza na kicheko, kama muntu anayeleta zawadi. Alisikiliza paka mwisho. Akauliza: "Vidole vya nani viko mule?" Nikasema vya Riziki. Akachukua beseni, akaanza kufua nguo za safari.

Barua ya kazi ikatoka. Jina la yaya, foto ya Riziki, kituo cha ngambo ya mto. Nikamuomba Riziki aende kusema ukweli. Akaniangalia kama mujinga: "Niseme nilidanganya serikali? Na wakiuliza ni nani alinileta?" Nyuma ya pale hakushika tena simu yangu.

Yaya alikwenda ku biro ya serikali na diplome yake. Nilikuwa naye. Ule bwana akaangalia mu mashine, akamuangalia yeye. "Mama, mwenye jina hili anatumika. Weye uliokota wapi diplome yake?" Yaya akasema: "Ni yangu." Bwana akasema: "Basi shitaki. Tutakamata ule mwenye alijibu, na ule mwenye alimuleta."

Yaya akanitazama kidogo. Akakunja diplome, akairudisha mu mufuko. "Pole bwana, nilikosea," akasema. Tukatoka.

Angeshitaki, kazi ingekuwa yake. Alijua. Miye pia nilijua, na sikufungua kinywa.

Mwaka jana nilianguka na pikipiki ngambo ya mto. Wakanipeleka ku kituo cha karibu. Wagonjwa wanaita "mama Mwamini, mama Mwamini," na mwenye anaitika ni Riziki. Aliniuliza jina langu kama hajanionaka. Nikamwambia. Akaliandika. Alinishona muguu bila ganzi, dawa iliisha, na sikusikia uchungu. Nilikuwa naangalia tu jina la yaya ku blouse yake ya kazi.

Yaya alirudia Kampene kabisa. Anashona wachimbaji mu nyumba ya majani. Hapa muji hakuna pahali pa kumuandika: kila listi inasema yuko tayari mu kazi.

Ninyi wenye muko na ndugu anayengojea kazi, nawaomba. Wakiita jina lake na hayupo, musitume muntu mwingine ajibu. Muende kumutafuta, hata kama muda ni mudogo, hata kama barabara ni mubaya. Miye nilikwenda Kampene mara tatu tangu pale, kila mara na mvua, kila mara nilifika kwa siku moja. Yaya ananipa chakula, anauliza kama njia haikunisumbua. Namujibu kwamba hapana.