Uzi wa Sita wa Pazi

Jua lilikuwa linainama Mwahija alipotoka Tingi. Alimwambia mumewe, Shaaban, kwamba anafuata unga Nangurukuru. Unga kweli ulikuwa umekwisha. Ila moyo wake ulikuwa unakimbilia kwa Pazi.

Tangu usichana alimsikia Pazi kwenye simu za watu. Nyimbo mia tatu, na kila moja ina jina la mwanamke. Walisema hupiga gitaa la nyuzi sita lililobaki na tano, amewapa watu mgongo, amevaa koti zito hata jua la utosini. Leo angepiga stendi, hadi adhana ya magharibi.

Pale stendi, Bi Mwanasha muuza chapati alimsogezea kigoda. Bi Mwanasha hakuwa na sauti. Alimtilia chai bila kuombwa, kisha akampepea Tawakali, mtoto wa miezi saba aliyekuwa mgongoni kwa Mwahija.

"Mama anasema kaa," alisema Saida, bintiye, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Mimi nasema ukizimia kwa ajili ya yule mzee, usiangukie chapati zangu."

"Nitakuangukia wewe, shoga." Mwahija akacheka. "Mama alizaliwa hivi?"

"Wapi. Alinyamaza mimi bado nanyonya."

Gitaa likaanza.

Hata pikipiki zilizima. Harufu ya udi ikapita, na chetezo hakikuwepo. Vidole vya Pazi vilikimbia kama mvua juu ya bati, na Mwahija akajikuta analia bila kujua analilia nini.

Wanawake wakaanza kumtunza kwa kanga, wakimvika mabegani. Mwahija hakuwa na kanga ya ziada. Alikuwa na mbeleko tu. Mwiko aliujua tangu utotoni: mbeleko haitolewi kwa mtu mpaka mtoto atembee. Lakini lile gitaa...

Akaifungua, akampakata mtoto kifuani. Bi Mwanasha akamkamata mkono. Akatikisa kichwa, akajigusa koo.

"Namtunza tu, mama. Narudi."

Akajinasua, akaenda, akamvika.

Pazi hakugeuka. Aliivuta mbeleko, akainusa.

"Ina maziwa," akanong'ona.

Tawakali akaanza kulia. Pazi akashika ufunguo wa sita wa gitaa, ule usio na uzi, akauzungusha polepole. Kilio kikapanda. Akaurudisha nyuma. Kilio kikashuka... kikashuka...

Kikakatika.

Mdomo wa mtoto ulikuwa wazi. Machozi yanamtiririka. Sauti hakuna.

"Nirudishie kanga yangu," Mwahija alisema.

"Aliyetunza hutajwa. Nipe jina la mwenye mbeleko, nimwimbe."

Mwahija akageuka nyuma. Bi Mwanasha alikuwa anajipiga kifua kwa kiganja, mara tatu, kisha anamnyooshea kidole. Si mtoto. Yeye.

"Mwahija," akasema. "Mwenye mbeleko anaitwa Mwahija."

Mabega ya koti yalitikisika kidogo, kama ya mtu anayecheka.

"Mama zao wote husema hivyo."

Akapiga.

Kitu baridi kikapita kooni kwa Mwahija, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo. Hapo hapo Tawakali akapiga ukelele, stendi nzima ikageuka. Adhana ikaita. Watu walipotazama tena mbele, kiti kilikuwa kitupu. Kanga zote zilikuwa chini, zimekunjwa vizuri.

Mbeleko haikuwemo.

"Shoga, alikunong'oneza nini?" Saida akauliza. "Mbona kimya?"

Mwahija akafungua mdomo, sauti hakuna. Saida akamtazama, kisha akamtazama mama yake.

Bi Mwanasha akaivua kanga yake mwenyewe, akamfunga mtoto mgongoni mwa Mwahija, akakaza fundo kwa mikono miwili. Kisha akamshika shavu, akakaa naye hivyo mpaka usafiri ulipopatikana.

Nyumbani Tawakali hakunyamaza. Mwahija alimtikisa, alimpapasa, alimnyonyesha. Wimbo wa kumbembeleza ulimjaa kifuani na haukupata njia.

Shaaban akaingia, ameshika simu.

"Pazi katoa mwingine leo hii. Sikiliza, ameutia jina lako." Akaweka sikio karibu. "Na gitaa safari hii lina nyuzi zote sita."

Tawakali akanyamaza ghafla. Akageuza kichwa, akamwacha mama yake, akainyooshea simu mikono yote miwili ili imbebe.