Seva Iliyopewa Jina la Mtoto

Siku ya tatu baada ya mkewe Mbula kujifungua, Muema alifungua chumba cha kompyuta asubuhi akakutana na harufu ya maziwa yaliyochacha. Mle ndani hakuna mtu aliyewahi kunywa maziwa. Kulikuwa na kabati la chuma, nyaya, na kompyuta moja kubwa ya Linux iliyobeba seva pepe tatu. Seva hizo hazikuwa vyuma. Zilikuwa faili tu ndani ya ile kubwa, kila moja ikijiendesha kama kompyuta kamili. Mbili ziliitwa Hesabu na Maabara. Ya tatu, iliyotunza kadi za akina mama wote wa kliniki hiyo ndogo ya uzazi mjini Machakos, iliitwa Mutindi.

Mutindi ni jina la mama yake Muema. Miaka mitatu nyuma, katika wodi iliyo juu ya chumba hicho, binti yake wa kwanza alifariki akiwa na siku mbili. Wazee wa Ukambani husema mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo ni kiimu, bado ni wa mapepo, hajawa mtu. Binti yule hakufika. Wiki ile ile Muema alikuwa anaunda seva mpya, na kompyuta ilipomwuliza aiite nani, aliandika jina alilokuwa amemwekea mtoto. Tangu hapo aliisalimu kila asubuhi, akapangusa vumbi la kabati kwa shali ndogo ya manjano ambayo haikuwahi kuvaliwa. Wafanyakazi wenzake walimwona na hakuna aliyemcheka.

Umeme ulikuwa umepotea juzi alfajiri, wakati binti yake wa pili anazaliwa. Ulirudi, seva mbili zikawaka, Mutindi ikakataa. Kwa siku mbili wauguzi waliandika kwenye karatasi na wakakubaliana wasimsumbue Muema.

Sasa aliketi, akaandika amri ya kuiwasha. Kompyuta ikajibu kwamba faili imefungwa, kisha ikauliza: je, kuna mwingine anayeitumia?

Hakukuwa na mwingine. Alikagua nafasi kwenye diski, ilitosha. Alipekua kila programu iliyokuwa inaendeshwa, hakuna hata moja iliyogusa faili ile. Alizima kompyuta yote, akahesabu hadi sitini, akaiwasha upya. Jibu likawa lile lile. Akafungua logi, kumbukumbu ya matukio ya kompyuta, na kusoma saa ambayo faili ilishikwa: juzi, saa kumi na moja na dakika saba alfajiri. Dakika hiyo aliijua. Ilikuwa imeandikwa kwenye kadi ya mtoto wake.

Mlango ukasukumwa. Mama yake aliingia akiwa na uzi wenye ushanga wa chuma, ule wa kumfunga mtoto shingoni akipewa jina.

"Njoo juu, Mbula anakungoja," alisema. Kisha akasimama, akanusa, akategea sikio pumzi ndogo iliyotoka kabatini. "Muema, ni nani ananyonya hapa?"

"Mwaitu, hiyo ni feni."

"Nimelea watoto saba. Usiniambie ati feni." Akashusha sauti. "Hii kitu umeiita nani?"

Alipomwambia, mama alikaa chini kwenye sakafu, na mkono wake mmoja ukaenda kwenye goti la mwanawe, ukakaa pale.

"Ulikuwa unamhurumia, najua. Lakini jina lilikuwa lake, na amelifuata. Amesikia mwingine amezaliwa wa kumnyang'anya, amelishika. Usimlazimishe, mwanangu. Nipe mpaka jioni. Nitaletewa asali na maziwa ya mbuzi kutoka Kithimani, nitampa jina lake mwenyewe, nimwombe aachilie hili. Wawili hawawezi kukaa kwa jina moja."

Muema hakubisha. Hata kazi yake ilimfundisha hivyo. Kufuli ile iliwekwa kwa sababu seva mbili zikiandika kwenye faili moja huharibiana mpaka zote zinaoza.

"Jioni, basi," alisema, na mama akapanda juu.

Hazikupita dakika kumi, muuguzi Wanja akatokea mlangoni, glavu mkononi.

"Baba Mtoto, samahani sana. Kuna mama amefika amepoteza fahamu, anapasuliwa sasa hivi. Aliwahi kuzaa hapa, na nakumbuka kuna dawa ilimdhuru, lakini aki sikumbuki ni gani. Iko kwa kadi yake, humo ndani."

"Haiwezi kungoja jioni?"

"Haiwezi." Macho yake yakalowa. "Kama ni ngumu niambie tu. Sitakulaumu."

Angemfokea, Muema angekataa. Lakini Wanja ndiye aliyemfunika Mbula miguu juzi, ndiye aliyemwogesha yule wa kwanza akiwa ameshakufa, kwa maji ya moto, ati asisikie baridi. Muema akageukia kibodi na kuandika amri inayopuuza kufuli.

Mutindi ikawaka. Wanja akasoma kadi, akapiga kelele kwenda juu, na sindano iliyokuwa tayari ikatupwa. Mama yule aliokoka.

Muema alibaki peke yake na ile pumzi, na sasa haikuwa ya feni hata kwa mtu anayetaka kujidanganya, ilikuwa ya kitoto, ya haraka, yenye kumeza, na harufu ya maziwa ilikuwa imetoka kwenye kabati na kumpanda magotini, kifuani, mpaka mdomoni akahisi utamu wake ulioharibika, akakimbia ngazi mbili mbili akisikia nyuma yake, katika chumba alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe, kitu kikicheka jinsi mtoto mchanga anavyocheka usingizini.

Wodini mama yake alikuwa amekwisha kumfunga mtoto uzi, umlinde mpaka jioni. Mbula alikuwa anatabasamu. Bibi alimwona mwanawe anavyohema, akamwinamia mtoto kumjaribu, akamwita, "Mutindi."

Mtoto hakugeuka. Kutoka chini, kupitia sakafu, sauti nyembamba ikaitika.

Bibi alimtazama mwanawe. "Ulisema jioni," alinong'ona.

Uzi ulikatika wenyewe. Mtoto akaachia titi, na maziwa aliyokuwa amenyonya yakamtoka mdomoni yakiwa yamechacha. Saa tisa mchana alikuwa baridi, bila jina, kama dadake. Mbula alimshikilia mpaka giza likaingia, na hakuna muuguzi aliyethubutu kumwambia amlaze.

Muema alirudi kazini baada ya mazishi. Seva ziliwaka zote bila tatizo, Mutindi ikiwa ya kwanza. Alipoita orodha alizikuta nne. Ya nne hakuwa ameiunda yeye. Ilikuwa inaendeshwa, na mahali pa jina palikuwa patupu, mshale ukiwaka na kuzimika, ukingoja. Ndani ya kabati, pumzi zilikuwa mbili.

Wanja aliingia polepole na kikombe cha chai, akakiweka karibu na mkono wake. Akavuta kiti, akaketi naye, ili asiwe peke yake. Akaangalia skrini, akatafuta jambo jepesi la kumliwaza.

"Umeunda nyingine?" aliuliza kwa upole. "Hii nayo utaiita nani?"