Seti ya Bomba Jembamba

Usijifanye hukuona. Uliona, ukageuza uso. Ulipita chini ya ngazi iliyolegea ukasema ina wenyewe. Ukuta wa soko ulipopata ufa ulijua, sote tulijua, na ulipoanguka tukashika vichwa kana kwamba umeshuka kutoka mbinguni. Wengine hatujasahau. Basi keti usikie habari za binti aliyegeuza uso kwa siku moja tu, na siku hiyo ikamlemea kuliko gunia la mawe.

Nyumbani walimwita Mchwa, kwa kuwa akianza kitu haachi mpaka akimalize. Kila siku baada ya masomo alikwenda kumngoja mama yake karakanani. Mama alikuwa mhandisi. Alichora vitu vya chuma kabla mafundi hawajavitengeneza. Alikaa katika chumba kidogo chenye feni iliyozunguka kwa kulalamika, macho mekundu, viatu amevivua chini ya meza. Mwenye karakana hakuwa na neno jingine kinywani ila “upesi”.

Kompyuta ya mama ilikuwa na programu ya kujaribia michoro. Unachora kiti au mnara, unaieleza ni chuma gani, kisha unaweka mzigo wa kubuni. Palipo imara panakuwa kijani. Panapoelekea kuvunjika, pekundu. Ili asiandike sifa za chuma upya kila mara, mama alizikusanya katika seti: bomba jembamba seti yake, bomba nene seti yake, kila moja na uzito wake na uimara wake. Michoro yote ilichota humo, kama mtaa mzima unavyochota kisima kimoja.

Mchwa alikuwa akichora benchi la kuonyesha shuleni. Miguu ilikataa. Akaisogeza, myekundu. Akaongeza upau, bado myekundu. Kichwa kilimuuma, tumbo lilinguruma. Mwishowe akafungua seti ya bomba jembamba, akafuta namba ya uimara, akaandika kubwa zaidi. Benchi likawa kijani.

“Mama, limekubali!”

“Hongera, mwanangu,” mama alisema bila kugeuka. Alikuwa na simu sikioni, akimsikiliza mwenye karakana akifoka.

Kesho yake Mchwa alikuta msumeno ukipiga kelele uani. Fundi Cheche, mchomeleaji, alikuwa akiimba, jambo ambalo hakulifanya tangu mvua zianze.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mhandisi mdogo! Mama yako katutoa kifungoni. Ule mnara wa tangi la maji la shuleni kwenu, wiki nzima mwekundu kama pilipili, leo nyasi tupu!”

“Kwa bomba lipi?”

“Jembamba. Ndilo lililopo. Ulitaka la dhahabu?”

Mchwa alikimbilia chumba cha mama. Mama alikuwa ametoka. Akafungua seti, na namba yake ikamkodolea macho. Alidhani amebadilisha benchi lake peke yake. Kumbe alitia mkono kisimani, na mnara wa mama ulichota humo humo. Akataka kuirudisha ya zamani. Ipi? Ilianza na tatu, au mbili? Aliifuta bila kuinakili popote. Akafunga kompyuta taratibu. Labda mkubwa ataona, alijiambia. Wakubwa huona.

Jioni mezani, mdogo wake alikuwa akijigamba huku mdomo umejaa. “Tangi likija, mimi wa kwanza! Tutapanga foleni chini yake, kivulini.”

Mchwa akarudisha tonge sahanini.

“Mama.”

“Nini tena? Kama ni viatu, vumilia kidogo.”

“Si viatu. Ni mnara. Mimi ndiye niliyeufanya uwe kijani.”

Akaeleza yote. Mama hakufoka, hata nguvu za kufoka hakuwa nazo. Alichukua simu tu. “Fundi, usichomelee hata kipande.”

“Nimeshakata, mama!” sauti ya Cheche ilisikika mpaka mezani.

“Najua. Acha hivyo hivyo.”

Asubuhi, kwa kuwa hapakuwa na masomo, walikwenda pamoja. Mama alitafuta cheti kilichokuja na mabomba kutoka kiwandani, akasoma uimara halisi, akauandika. Mnara ukawa mwekundu kutoka nyayo hadi mabegani. Cheche alifuta jasho. “Tangi lote lile la maji,” alisema polepole, “na watoto chini.”

Mwenye karakana alipiga simu, akabweka. Mama alimngoja amalize. “Bwana, mnara utangoja bomba nene. Membamba yaliyokatwa yatakuwa mabenchi.”

“Na la mhandisi mdogo je?” Cheche aliuliza.

“Limerudi jekundu,” alijibu Mchwa.

“Karibu kazini, basi!”

Walicheka, kicheko cha watu waliochoka. Kisha mama akamwonyesha. Ukitaka kujaribu, unanakili seti, unaipa nakala jina lako, unachezea hiyo. Ile ya asili aliifunga, isibadilike bila nywila. Mchwa akaongeza mguu wa katikati, na safari hii benchi likawa kijani kwa haki.

“Sikiliza, mwanangu,” mama alisema. “Kitu cha wengi hakibadilishwi kimyakimya. Ukikosea, sema mapema, chuma kikiwa bado chini. Na mimi nimekosa. Kilichokataa wiki nzima kilikubali ghafla, nami sikuuliza kwa nini, maana nilitaka kulala. Kuchoka si kosa. Kosa ni kuufanya uchovu pazia la kujifunika macho.”

Sasa wewe. Kile ulichokiona ukanyamaza bado kipo palepale: waya ulio wazi, dawati lenye msumari, kosa lako mwenyewe ambalo mwingine atalilipia. Funga kitabu. Inuka ukamwambie mkubwa anayehusika, na akikupuuza, mwambie mwingine. Usingoje kesho. Kuna mtoto anapanga foleni hapo chini.